Tuliyopitia Pamoja, na Wale Ambao Hawakuyapitia

Mada iliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya wana-Muleba waishio Dar es Salaam



Kwa kawaida Kamati ya Fedha ikisimama hapa husoma mapato na matumizi, watu wakapiga makofi ya adabu, kisha tukaenda kula. Mwaka huu taarifa hiyo imechapishwa ndani ya kijitabu hiki, imekaguliwa, na mwenye swali atatukuta pale mezani hadi jioni. Dakika hizi tumeziomba kwa ajili ya jambo jingine, jambo ambalo vitabu vya hesabu vinalionyesha bila kulieleza.

Leja ya michango ina majina, tarehe na kiasi. Ukiisoma miaka kadhaa mfululizo unaanza kuona kwamba watu hawachangii kwa kufuata ukubwa wa mishahara yao. Wapo walimu wastaafu ambao hawajawahi kukosa mwezi hata mmoja. Wapo vijana wenye kazi nzuri benki na kwenye kampuni za simu, watoto wa wanachama wetu wa siku nyingi, ambao majina yao yaliandikwa kwa kalamu ya baba na yakaishia hapo. Na hata wanaochangia hawachangii mambo yaleyale. Wazee wakisikia barabara, kanisa, msikiti au shule, wanafungua mikoba. Watu wa umri wetu, wa miaka arobaini na kitu, wakisikia msiba au ada ya mtoto aliyeachwa na wazazi, hawaulizi mara mbili. Walio chini ya miaka thelathini wakitoa, mara nyingi wanamtolea mtu mmoja mwenye jina na picha, na wanataka kuona risiti siku hiyohiyo. Kwa hili la risiti, sisi wahasibu tunawaunga mkono.

Kwenye vikao vyetu tumezoea jibu moja: vijana wa siku hizi wameharibika, wamesahau kwao. Tunaomba leo jibu hilo lipumzike kidogo. Kusahau ni kwa mtu aliyewahi kujua. Vijana wengi tunaowalaumu hawakuwahi kupewa cha kusahau.

Mwaka 1928 mwanasosholojia Karl Mannheim, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifundisha Ujerumani, aliandika insha kuhusu suala la vizazi. Kwa ufupi alisema kwamba kuzaliwa miaka ileile hakutoshi kuwafanya watu kuwa kizazi kimoja. Kinachowafunga pamoja ni kupitia mambo makubwa yaleyale wakiwa bado vijana, wakati ambao macho ya mtu yanajifunza namna ya kuitazama dunia. Wakikua, kila jambo jipya watalipima kwa lile la ujanani.

Wazee wa Buhaya hawakuhitaji kumsoma Mannheim. Zama za Bakama, vijana wa rika moja walikusanywa kutoka vijijini, wakapelekwa kwenye makao ya Mukama, wakala pamoja, wakafundishwa adabu, kazi na vita pamoja. Kundi hilo liliitwa omuteko. Tunaomba mshike jambo moja kuhusu omuteko, kwa sababu tutalirudia tukifika kwenye maombi yetu: rika lile halikujitokea lenyewe kama uyoga. Watu wazima walikaa, wakaamua, wakatoa chakula na muda, wakalitengeneza.

Baadaye ikaja dunia nyingine, na marika yakawa yanatengenezwa na matukio. Wazee wetu waliokuwa vijana miaka ya 1950 waliiona kahawa ikijenga nyumba za mabati na kusomesha watoto. Machi 1960 wakasikia kwamba Laurean Rugambwa, mtoto wa Kihaya, amefanywa Kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho. Watu wa rika hilo waliona kwa macho yao kwamba jasho la kibanja linaweza kuwa darasa, na mtoto wa kijijini anaweza kukaa meza moja na wakubwa wa dunia. Ndiyo maana mkiwatajia jengo wanafungua mikoba. Hawatoi kwa sababu ya matofali. Wanatoa kwa sababu walikwisha kuona jengo likifanya kazi.

Tukiwa hapohapo, tusiwaache bibi zetu. Januari 30, 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka, wakashindwa kuacha. Wengine walicheka na kulia kwa saa nyingi, wengine kwa siku. Mwezi Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudishwa makwao, na kicheko kikafika Nshamba na shule nyingine. Madaktari walichunguza, hawakuona sumu wala kidudu chochote. Ulimwengu mzima hadi leo unaandika kuhusu kicheko hicho, kila mtaalamu na nadharia yake, lakini waliokuwemo sasa ni bibi zetu na hatujawahi kuwaweka chini tukawauliza ilikuwaje. Tunalitaja kwa sababu lina raha yake, lakini pia kwa sababu ni mali yetu na tumewaachia wageni waisimulie.

Kisha vita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na Novemba 1 yeye akatangaza kwamba nchi yote ya kaskazini mwa mto Kagera ni ya kwake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wakakimbilia kusini na watoto mgongoni. Mwalimu alipohutubia taifa, kulikuwa na redio moja kwa nyumba nyingi, na watu walisimama kuizunguka mpaka uani. Hadi leo ukikutana na mzee wa rika hilo, mtajie neno "uwezo" tu. Yeye mwenyewe atakumalizia "sababu" na "nia", tena kwa sauti ya Mwalimu. Askari wengi waliokufa wamezikwa Kaboya, nyumbani kwetu Muleba. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na baada ya vita mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto uliopiganiwa.

Waliokuwa na miaka kumi na mitano hadi ishirini na mitano wakati huo ndio waliojenga chama hiki. Si ajabu. Walijifunza kutoa wakati kila kaya ilitoa kitu, awe ng'ombe, ndizi au kijana wake. Kisha wakaambiwa wafunge mkanda miezi kumi na minane, na mkanda ukafungwa miaka. Wakafua kwa majani ya mpapai, wakapanga foleni ya sukari kwa kibali cha mwenyekiti wa kijiji. Mtu aliyepita hapo, ukimwambia mchango umeongezwa, ananung'unika huku anahesabu noti.

Sisi wa miaka arobaini na kitu vita hatukuviona. Tulivirithi katika hadithi na katika upungufu. Vitu vyetu vilikuwa vingine. Tulikuwa watoto wa Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi nzima ilikuwa na redio hiyo moja, kwa hiyo mtoto wa Kamachumu na mtoto wa Lindi walisikiliza Mama na Mwana saa ileile, na wakubwa wakacheka Pwagu na Pwaguzi kwa pamoja. Darasani tulisoma Tujifunze Lugha Yetu, kitabu kimoja kwa watoto watano, kila mmoja akijua ukurasa upi umechanika. Televisheni ya Bara ilitukuta tumeshaota ndevu, maana ITV ilianza mwaka 1994. Leo mtu wa umri wetu akikutana na mwenzake kutoka Mtwara, hawajawahi kuonana, dakika kumi tu wanacheka habari moja. Hiyo ndiyo maana ya rika.

Lakini redio hiyohiyo ilikuwa na matangazo ya vifo, na sisi wa Kagera tuliyasikiliza kuliko wengine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Kabla ya kuwa na jina la kitaalamu ugonjwa uliitwa Juliana, jina la vitambaa vilivyoletwa na watu wa magendo kutoka Uganda. Sisi tulikuwa chekechea na darasa la kwanza. Tulipofika darasa la saba tulikuwa tumekwenda kuzika mara nyingi kuliko tulivyokwenda harusini. Vijiji vingi vilipunguza siku za matanga, kwa sababu matanga moja hayajaisha mengine yameanza, na kibanja hakina mtu wa kukipalilia. Kuna madawati yalibaki wazi si kwa sababu mtoto amekufa, ila kwa sababu amekuwa mkuu wa kaya. Kuna nyumba ambazo kutoka bibi hadi mjukuu hapakuwa na mtu katikati. Wengi waliomo ukumbini leo walilelewa katika nyumba hizo, na hawahitaji kutajwa.

Aprili 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda, robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na mto Kagera ukaleta maiti hadi ziwani. Watu wakaacha kula samaki. Miaka miwili baadaye, asubuhi ya Jumanne, Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ikapinduka karibu na Mwanza. Walikuwemo wanafunzi, wafanyabiashara, wagonjwa waliokuwa wanakwenda hospitali ya rufaa, watu waliokuwa wanasafiri na mikungu yao. Mamia walikufa, na wengi walizikwa Igoma bila ndugu zao kuwatambua. Kila mtu wa umri wetu kutoka Kagera anaweza kuwaambia alikuwa wapi aliposikia. Na hata leo, mama zetu wengine wanapendelea tuzunguke kwa basi mchana na usiku kuliko kupanda meli.

Sasa mnaona kwa nini leja inasoma hivyo. Mtu wa rika letu akisikia yatima hachangii kitu cha mbali, anamchangia yule aliyekaa naye dawati moja. Hatukuwa wema kuliko watoto wetu. Tulipitia mambo ambayo hayakutuachia njia nyingine.

Si misiba tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wengi wetu tulikuwa vyuoni au ndiyo tumeanza kupanga chumba Manzese na Mwananyamala, Saida Karoli alitoa Maria Salome, akiimba Kihaya. Daladala za Dar es Salaam, dereva Mzaramo, kondakta Mmakonde, abiria wa kila kabila, wote wanaitikia Kihaya wasichokijua. Waliokuwepo wanakumbuka jinsi tulivyokaa wima kwenye viti. Mwaka 2016 Diamond akaitengeneza upya kwa jina la Salome. Siku hizi ikipigwa kwenye harusi zetu, wote tunakimbilia katikati, sisi na watoto wetu. Sisi tunacheza wimbo wa Saida, wao wanacheza wimbo wa Diamond, mguu unakanyaga mahali pamoja. Tuliwahi kumwambia kijana mmoja kwamba wimbo ule ni wa kwao, akadhani tunajisifu kama kawaida ya Wahaya.

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Watoto wetu waliozaliwa na kukulia hapa mjini nao ni rika, tena rika imara. Wamesoma shule za Kiingereza Tabata, Mbezi na Tegeta, wameangalia katuni zilezile, wanazo lugha zao ambazo sisi tunazishika mkia tu. Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi hadi Juni kwa sababu ya corona, wakakaa ndani na simu. Ile ndiyo RTD yao. Mwenzao akiugua, wanafungua kundi la WhatsApp usiku, na asubuhi fedha ya hospitali imetimia. Tumeyaona haya kwa macho yetu, sebuleni kwetu. Wanajua kutoa. Wanawatolea watu waliopitia nao kitu.

Na nyumbani wamepitia nini? Tujiulize kwa ukweli, kila mzazi kwa nafsi yake. Mtoto wa Dar es Salaam amefika Muleba mara ngapi, na alikwenda kufanya nini? Wengi wamefika mara mbili au tatu, na zote ni msiba. Tunaondoka Alhamisi, tunafika usiku, Jumamosi tunamzika babu, Jumapili tunageuza gari. Mtoto amelala kwenye gari, ameoga kwa ndoo, amesalimiwa na watu mia wasiomwambia majina yao, ameulizwa kwa Kihaya akakosa jibu akachekwa, ameona watu wazima wakigombania mpaka wa kibanja kaburi halijakauka. Kisha tunashangaa akiwa na miaka ishirini na mitano haoni sababu ya kuchangia. Kwa mtoto huyo, nyumbani ni mahali pa kuzikia.

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipovunja nyumba na kuziharibu shule kongwe za Ihungo na Nyakato, wazee walilia, maana walisoma pale. Watoto wetu walituuliza kama tuko salama, wakaendelea na mambo yao. Novemba 6, 2022 ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, wao ndio waliotutangulia kupata video. Waliona wavuvi wa kwetu wakipiga makasia kwenda kuokoa watu kabla ya mtu mwingine yeyote kufika. Watu 24 walipona na 19 walikufa. Kwa siku kadhaa vijana wetu walijivunia wavuvi wale. Lakini walijivunia kama Watanzania wengine wote wanavyojivunia, kwa mbali. Hawakujua kwamba ziwa lile ni la shangazi zao.

Tusisahau upande wa pili. Kijijini kuna vijana wa umri huohuo. Simu ni ileile, nyimbo ni zilezile, mitindo ya nywele ni ileile. Lakini wao walikua wakati mnyauko unamaliza migomba, wakaona kibanja cha babu kinang'olewa na kufukiwa. Wamesoma shule za kata, wanaendesha bodaboda, wanauza senene msimu ukifika. Wakiwatazama watoto wetu siku ya msiba, wamesimama na simu zao karibu na magari, hawawaoni kama ndugu. Wanawaona kama wageni ambao siku moja watakuja kuuza ardhi. Kwa umri ni rika moja, kwa maisha ni marika mawili, na siku sisi tukiwa hatupo, hao ndio watakaokutana kwenye mpaka wa kibanja. Anayedhani tunazungumzia mila na ngoma tu afikirie siku hiyo.

Basi, tunaomba nini?

Bweni la wasichana la shule yetu ya kata limefika kwenye lenta. Wote mnajua kwa nini tulilianza: wasichana wanapanga vyumba karibu na shule, wanne wanne, bila mtu mzima, na tunajua kinachofuata. Tuna uchungu wa kulimaliza. Zimebaki mbao na mabati, milango, vitanda na tangi la maji. Gharama zimo ukurasa wa mwisho wa kijitabu, zimepatikana kwa kulinganisha bei za maduka matatu, na leo tunategemea kupata sehemu kubwa ya fedha hizo.

Juu ya hilo, Kamati ya Fedha inapendekeza kwamba sehemu ndogo ya makusanyo ya leo isiende kwenye jengo. Iende kwenye safari ya Desemba. Vijana wetu wa miaka kumi na sita hadi ishirini na mitano waende nyumbani wiki mbili, shule na vyuo vikiwa vimefungwa, mahali ambapo hakuna msiba. Wasilale hotelini Bukoba mjini. Wagawanywe kwenye familia, wawili wawili, wale kinacholiwa, wachote maji panapochotwa. Mchana wafanye kazi kwenye bweni pamoja na vijana wa kijiji, kubeba mbao, kupaka rangi, kuchimba mtaro wa maji. Na vijana wa kijiji wasiwe vibarua wa wageni: kamati ya kazi iwe nusu kwa nusu, na fedha ya rangi na vifaa washike wao kwa pamoja, watoe hesabu wao. Tutawafundisha namna ya kuandika kitabu cha fedha, haichukui siku moja. Jioni aje mzee mmoja awasimulie. Aliyekuwa Kyaka aje, bibi aliyecheka Kashasha aje kama tutampata, mtu aliyempoteza ndugu kwenye meli aje kama ataweza. Kama kuna mpiga enanga aliyebaki, alipwe vizuri.

Pendekezo hili lilipopita kwenye kamati tendaji lilipata upinzani, na ni haki mjue. Mzee wetu mmoja tunayemheshimu alisema fedha ya maendeleo ni ya matofali, si ya kuwatembeza watoto wa matajiri. Tunamwelewa. Rika lake lilijengwa na jengo. Lakini tunamwomba atazame hesabu kwa namna nyingine. Bweni hili likiisha litahitaji bati jipya baada ya miaka kadhaa, litahitaji godoro, litahitaji mlinzi. Nani atachangia? Katika wanachama wanaolipa ada kila mwezi, walio wengi wana umri wetu au zaidi. Tukijenga bweni bila kujenga wa kulitunza, tunawaachia watoto deni ambalo hawakulisaini.

Wengine walipendekeza njia ya mkato: familia ambayo vijana wake hawachangii isipewe rambirambi ya chama wala basi la msiba. Kamati yetu inapinga hilo waziwazi, na si kwa huruma peke yake. Tukifanya hivyo tutakuwa tumemthibitishia kijana kile anachokiamini tayari, kwamba chama na nyumbani ni habari ya kufa. Atalipa ada kama anavyolipa bima, kwa kinyongo, na mama yake akishazikwa ataacha.

Kuna aliyeuliza kama wiki mbili zinaweza kufanya lolote. Hatuahidi. Wengine watarudi wamechoka, wameng'atwa na mbu na hawataki kusikia tena. Lakini wakirudi ishirini wanaojuana na ishirini wa kule, wenye kundi lao la WhatsApp, wenye utani wa nani alianguka na ndoo ya rangi, hao wana kitu ambacho hakipo leo. Omuteko nao haukuwa mkubwa. Na ikishindikana, mwaka kesho tutakuja na hesabu yake hapahapa, kila shilingi, tuwaambie imeshindikana.

Kwa hiyo, utaratibu. Kadi za ahadi zina mistari miwili, mmoja wa bweni na mmoja wa safari. Kila mtu ajaze mstari anaoutaka. Fedha za mstari mmoja hazitahamishiwa mwingine bila idhini ya mkutano. Ahadi zilipwe kabla ya mwisho wa Oktoba, ili fundi anunue bati mapema, maana Desemba bei hupanda na barabara ya juu huteleza. Wazazi wanaotaka vijana wao waende waandike majina kwenye meza ya Katibu leo. Vijana waliopo ukumbini wanaweza kujiandikisha wenyewe bila kusubiri baba, na tungependa zaidi iwe hivyo. Kila anayekwenda abebe chandarua, viatu vya matope na sweta, kwa sababu wa Dar es Salaam hamuamini baridi ya kule mpaka iwapate. Familia za kupokea wageni zimepatikana upande wa juu. Upande wa ziwani bado tunatafuta, na mwenye shangazi au mjomba kule mwenye chumba cha ziada atuone kabla ya chakula.